Daftari la Banda

Kwetu Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ng'ombe wa maziwa hawachungwi. Wanakaa bandani ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa, na kila wanachokula huletwa hadi horini: matete yaliyokatwa kwenye kingo za shamba, mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, na wakati wa kiangazi mabua ya mahindi yanayopandishwa kwa gari kutoka tambarare. Familia yetu ina ng'ombe 4, na siku yetu huanza saa 11 alfajiri, mama anapowasha taa ya banda na kuchukua ndoo. Wengi wanaoniuliza namna ya kuongeza maziwa hutarajia niwatajie aina ya pumba au mashudu. Mimi huwauliza kwanza kama wanajua tarehe ambayo ng'ombe wao alipandishwa.

Nauliza hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulipata hasara kwa kutoandika tarehe za ng'ombe wetu. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, chotara wa Friesian, aina ya ng'ombe wa maziwa, aliyekaa zaidi ya mwaka tangu azae bila kushika mimba. Baba aliamini kuwa ni tasa, na mnunuzi wa nyama alikwisha kuja kumtazama. Mama ndiye aliyekumbuka kuwa kuna usiku ng'ombe huyo alilia sana na kesho yake maziwa yakapungua, nasi tukadhani ni njaa, tukamwongezea majani. Tulipojaribu kukumbuka ilikuwa lini, kila mmoja alitaja wiki yake. Siku hiyo nilinunua daftari, nikalitoboa na kulifunga kwa kamba kwenye nguzo ya banda, pamoja na kalamu.

Ng'ombe asiye na mimba huingia kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa, kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe kwa kawaida halimalizi siku nzima. Malishoni ni rahisi kulitambua, kwani husimama akapandwa na wenzake. Lakini aliyefungwa peke yake kwenye chumba chake hana wa kumpanda, na mara nyingi dalili hujitokeza usiku watu wakiwa wamelala. Zinazobaki ni alama ndogo: kuhangaika, kulia, kusuasua kula, na ute mwangavu kama ute wa yai unaoning'inia nyuma yake. Kwa yule chotara wetu tulikuta ute huo umekwisha kukauka, umegandisha nywele za mkia na kumetameta mwanga wa taa ulipoupata. Tuliandika tarehe, na kuanzia siku ya 18 kila usiku mmoja wetu alikwenda bandani na tochi kabla ya kulala. Siku ya 20 jioni tulimkuta amesimama, masikio yamesimama, na ute mbichi chini ya mkia. Kwa kuwa ng'ombe anayeonekana na joto jioni hupandishwa asubuhi inayofuata, na wa asubuhi hupandishwa jioni, mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, alifika kesho yake mapema, na ng'ombe aliyekuwa auzwe kwa kilo akashika mimba.

Ndugu mfugaji, piga hesabu: kila joto linalokupita ni majani, maji na pumba za wiki 3 nyingine kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yanazidi kushuka.

Tarehe hiyo ya kupandishwa ndiyo inayokwambia pia lini uache kukamua. Mimba ya ng'ombe huchukua miezi 9 na siku chache, naye anahitaji miezi 2 ya mwisho bila kukamuliwa ili kiwele kipumzike na kujiandaa upya. Hapa ndipo familia nyingi hushindwa, na siwalaumu, maana ni vigumu kuyaacha maziwa yaliyokwisha kuzoeleka kwenye chai na kwenye ada ya shule. Tulipofika siku niliyoizungushia duara jekundu, mama alisimama na ndoo mkononi akasema, "Mwanangu, huyu bado anatoa lita 5, tunamwachaje?" Nilimfungulia ukurasa wa uzao uliotangulia, tuliouandika kwa kukumbuka: alikamuliwa hadi wiki ya kuzaa, kisha hakuwahi kufikia maziwa ya uzao wa kabla yake, na ndama akabaki dhaifu. Mama aliusoma kimya, akaenda kuiosha ndoo na kuifunika.

Ng'ombe alizaa mtamba, yaani ndama jike, usiku. Kabla ya muda wa saa 2 kupita tangu azaliwe, ndama alikwisha kunywa maziwa ya mwanzo, mazito na ya njano, ambayo ndiyo yanayompa kinga, kwa sababu huzaliwa karibu bila kinga yoyote mwilini. Mama aliandika mwenyewe saa ya kuzaa kwenye ukurasa mpya, na chini yake tarehe ya siku 21 za mwanzo, tuanze tena kuangalia.