Vifundo kwenye mizizi ya soya: rutuba au minyoo?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Soya yangu imedumaa mabaka mabaka, majani ya njano, na mchana inanyauka hata kama mvua ilinyesha jana yake. Nimeng'oa mche nikakuta mizizi imejaa vinundu. Jirani anasema nifurahi, hiyo ndiyo rutuba. Muuza pembejeo anataka kuniuzia dawa. Nimsikilize nani? – Mkulima, Namtumbo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kumsikiliza yeyote, chukua jembe. Chimbua mche pamoja na udongo wake, usiuvute, maana ukivuta mizizi midogo inabaki ardhini na ushahidi umo humo. Suuza ndani ya ndoo, kisha sukuma kinundu kwa ukucha. Kikibanduka kirahisi, mzizi ukabaki mzima, na ukikipasua ndani ni chekundu, jirani kasema kweli: hao ni bakteria wanaoilisha soya naitrojeni. Lakini kama ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki kitu mpaka ukatike, hiyo ni minyoo fundo. Mara nyingi vyote viwili hukaa kwenye mche mmoja, ndiyo maana watu hubishana. Huko kunyauka penye unyevu kunanifanya nishuku minyoo.

Mnyoo mchanga haonekani kwa macho. Hupenya karibu na ncha ya mzizi, jike akatulia humo, akanenepa na kutaga mayai mamia. Udongo ukiwa na joto, mwezi mmoja tu watoto nao wanatafuta mzizi.

Hukuniambia mwaka jana ulilima nini. Kwa huko kwenu nashuku tumbaku, au bustani ya nyanya. Minyoo hii huipenda mimea hiyo, pamoja na bamia na bilinganya. Na usitegemee mahindi yakusafishie shamba, nayo huihifadhi.

Dawa achana nayo. Mzizi uliokwisha vimba hauponi, na pesa hiyo ni bora ununue mbegu ya marejea, mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa kurutubisha udongo. Watu wa Peramiho, huko huko Ruvuma, wanaijua zamani kwa rutuba. Mimi naipendea jambo jingine: minyoo fundo huingia kwenye mizizi yake ikashindwa kukua na kuzaa. Mvua zijazo isie kwa wingi kwenye mabaka na hatua kadhaa pembeni, palilia magugu yasiwape minyoo hifadhi, ifukie ikianza kuchanua. Msimu huu, kila ukipalilia, mabaka hayo yaache mwisho, na jembe lioshwe udongo wote kabla halijaenda shamba jingine. La jirani likiwemo.