Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujaagiza Gari Dogo la Umeme

SWALI: Ndugu Mhariri, naomba msaada wa safu hii kabla sijafanya kosa la gharama. Naishi Goba na kazi yangu iko Posta, safari ya takribani kilomita 50 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa sasa naendesha Toyota IST, na kila mwisho wa mwezi naona kama mshahara ni wangu na wa kituo cha mafuta kwa pamoja. Mfanyakazi mwenzangu ananishawishi niagize Nissan Leaf ya mwaka 2014 kutoka Japani, akisema kwamba mafuta nitayasahau kabisa. Mume wangu anasema magari hayo ni sawa na simu yenye magurudumu: betri ikifa, umebaki na bati. Nimsikilize yupi? – *Mama wa watoto wawili, Goba, Dar es Salaam.*

JIBU: Dada yangu, tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyokusukuma kushika kalamu. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo bei ya leo huenda si ya mwezi ujao. Nitachukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Ukienda kazini siku 24 kwa mwezi, unatembea kilomita 1,200. IST inayosota kwenye foleni ya asubuhi na jioni, tukiikadiria kilomita 11 kwa lita, itakunywa lita 109, yaani takribani shilingi 327,000. Leaf kwa mwendo huohuo itahitaji uniti 17 hivi kutoka kwenye soketi kwa kila kilomita 100, nikijumlisha na zile zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji. Hizo ni uniti 204 kwa mwezi, na kwa bei ya mteja wa kawaida wa nyumbani, ambayo pamoja na kodi na tozo ni takribani shilingi 356 kwa uniti, utalipa shilingi 73,000 hivi. Tofauti inakaribia shilingi 254,000 kila mwezi, au zaidi kidogo ya milioni tatu kwa mwaka. Hapo mwenzako hakukudanganya.

Kuna jambo moja ambalo huenda hakukuambia. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la D1 ambalo uniti 75 za kwanza za mwezi hutozwa shilingi 100 kabla ya kodi, gari hilo litawatoa humo mwezi wa kwanza tu. Jokofu, taa na pasi, vitu ambavyo mmekuwa mkivilipia kwa bei ya chini, navyo vitapanda bei kwa sababu ya gari lililolala nje. Si gharama ya kuvunja ndoa, lakini iweke kwenye daftari.

Foleni, ambayo kwa gari la petroli ni adhabu, kwa gari la umeme ni mahali pa kupumzika. Mota ikisimama haili chochote. Kinachoendelea kula ni kiyoyozi, redio na taa. Kila unapokanyaga breki, au hata unapoachia tu mguu, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, na ndiyo maana pedi za breki za magari haya hudumu kupita matarajio ya mafundi wengi. Hakuna oili ya injini, plagi, mkanda wa injini wala ekzosi. Matairi, hata hivyo, yataisha upesi kuliko ya IST, maana Leaf inakaribia tani moja na nusu wakati IST ni kama tani moja, na mzigo huo wa ziada kwa sehemu kubwa ni betri iliyolala chini ya sakafu. Kwa sababu hiyohiyo, pita polepole kwenye matuta ya mitaani, hasa yale yaliyojengwa na wananchi wenyewe bila kipimo.

Sasa tuje kwenye hofu ya mume wako, ambayo mimi naiona nzito kuliko hesabu yote niliyoandika hapo juu. Ukinunua gari la umeme lililotumika, unanunua betri. Viti, rangi na bodi ni nyongeza. Leaf ya mwaka 2014 ilitoka kiwandani na betri ya uniti 24. Tangazo la muuzaji litakuonyesha kilomita 228 kwa chaji moja, kipimo cha Kijapani ambacho barabara ya Morogoro haikifahamu. Kipimo cha Marekani, kilicho karibu zaidi na maisha halisi, kiliipa kilomita 135 ikiwa mpya kabisa. Tangu hapo miaka imepita, na betri ya lithiamu huzeeka kwa kutumika, kwa kukaa, na zaidi ya yote kwa joto.

Kwenye joto ndipo Leaf ilipo na udhaifu wake mkubwa. Magari mengi ya umeme yana maji maalumu yanayozunguka kwenye betri kuipooza. Leaf za vizazi viwili vya kwanza, ambazo ndizo zinazouzwa zikiwa zimetumika, hazina; zinategemea upepo unaopita chini ya gari. Mwaka 2012 wenye Leaf katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, ambako jua la kiangazi halina huruma, waliona betri zao zikipungua nguvu ndani ya miaka miwili tu, na malalamiko yao yakaifanya Nissan iongeze dhamana ya ujazo wa betri, kisha itoe betri yenye kemikali zinazovumilia joto zaidi, ambayo wapenzi wa gari hilo waliibatiza jina la mjusi. Dar es Salaam haifiki joto la Phoenix. Lakini Phoenix ina majira ya baridi, nasi Februari na Machi hata usiku hauleti nafuu, na gari linaloshinda kwenye lami juani pale mjini halipati nafasi ya kupoa.

Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna safu ya vijistari vyembamba 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kimoja kikitoweka, betri imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Vinavyofuata hupotea kwa hatua ndogo zaidi. Omba picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Usiishie hapo, kwa maana wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vijistari virudi vyote 12 kwa muda, kisha vianze kuanguka kimoja kimoja gari likiwa tayari ni lako. Kwa gari lililokwisha kuingia nchini, nenda na fundi mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, na simu yenye programu ya LeafSpy; hiyo itakuonyesha asilimia ya afya ya betri na tofauti ya volti kati ya seli zake, yaani vijibetri vinavyoiunda. Seli moja iliyo chini sana kuliko wenzake ni ugonjwa, hata kama asilimia ya jumla inapendeza.

Hukusema kama nyumba ni yenu au mmepanga, na swali hilo kwangu linatangulia hata aina ya gari. Mwenye uzio wake, mita yake ya LUKU na mahali pa kuegesha atachaji usiku bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa safari yako ya kilomita 50 unahitaji uniti 8 au 9 kila usiku, kazi ya saa nne kwenye soketi ya kawaida, hivyo hata umeme ukikatika nusu ya usiku utaamka gari liko tayari. Anayechangia mita na wapangaji wengine watano ajiandae kwa vikao visivyokwisha. Vituo vya kuchaji haraka usivihesabu katika mipango yako, na ujue kwamba Leaf hizo huchaji haraka kwa plagi ya CHAdeMO, ambayo watengenezaji wengi wameiacha.

Waya unaokuja na gari kutoka Japani umetengenezwa kwa volti 200 za huko. Tafadhali usimruhusu fundi wa mtaani akate plagi yake na kuweka ya pini tatu; tafuta waya wa kuchajia uliotengenezwa kwa volti 230. Soketi ya gari iwe na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, yenye waya mnene na breka yake, maana soketi ya chumbani haikuundwa kubeba mzigo wa jokofu kumi na zaidi kwa saa nne mfululizo. Ethi ya nyumba, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, nayo ipimwe. Nyaya nyingi za kuchajia hugoma kabisa zikikuta nyumba haina ethi, na mwenye gari akaenda kumlaumu aliyemuuzia.

Ushauri wangu ni huu: Leaf ya mwaka 2014 usiichukue. Umri wake utaipandisha ushuru wa uchakavu unaotozwa magari ya zaidi ya miaka minane, nawe utalipa ushuru huo kwa betri iliyochoka. Tazama matoleo ya kuanzia mwaka 2018 yenye uniti 40, ambayo kwa kipimo cha Marekani yalipata kilomita 243 yakiwa mapya. Hata robo ya uwezo ikiwa imeondoka, unabaki na kilomita 180 hivi, zaidi ya safari zako za siku tatu. Bei ni kubwa, na kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA kitakuonyesha kodi kabla hujatuma fedha. Kama bei hiyo haifikiki sasa, endelea na IST huku ukiweka akiba. Hata ukiinunua Leaf, bakisheni gari moja la petroli katika familia kwa ajili ya safari za Morogoro na msiba wa ghafla Singida. Niliwahi kupanda Leaf ya rafiki ikionyesha asilimia 9 tukiwa Ubungo, tukielekea Mbezi, na nakiri kwamba ni mimi niliyezima kiyoyozi kabla ya kuombwa.

Na kuhusu bati: betri iliyoshindwa kuvuta gari bado inaweza kuhifadhi umeme wa jua nyumbani kwa miaka kadhaa. Mwambie mume wako kwamba hapo amekosea kidogo.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Moshi. Kila Jumatatu naenda Arusha na kurudi jioni. Nimeuziwa Leaf ya uniti 24 kwa bei nzuri, na fundi amepima akakuta afya ya betri ni asilimia 70. Je, itanifikisha? – *Msomaji, Moshi.*

JIBU: Ndugu, itakufikisha kwa mashaka. Katika uniti 24 zilizoandikwa, gari hukuruhusu kutumia kama 21. Asilimia 70 ya hizo ni uniti 15 hivi. Kilomita 80 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa zitakula kama uniti 12. Arusha iko juu ya Moshi kwa takribani mita 500, na kulipandisha gari hilo na abiria wake mita 500 kunadai uniti 2 na kitu juu ya hizo. Umebakiwa na uniti moja au chini yake, na mvua au upepo wa mbele vitaimaliza. Leaf inapoishiwa kabisa huwasha taa yenye picha ya kobe na kupunguza nguvu, na ninyi wawili mtaingia Arusha mkiwa mmefanana mwendo na mnyama huyo.

Kurudi ni rahisi, kwa kuwa mteremko hukurudishia sehemu kubwa ya ulichokitoa, lakini kwanza uwe umechaji saa saba hivi kwenye soketi ya kawaida. Kama mwenyeji wako wa Arusha ana soketi nzuri na wewe unashinda huko kutwa, safari inawezekana kwa kuendesha kilomita 60 hadi 70 kwa saa, ukiwaacha malori wakupite. Mimi nisingeifanya kila wiki. Hali ya hewa ya kwenu inaipa betri maisha marefu kuliko ya pwani, kwa hiyo gari hilo lingekufaa sana kwa mizunguko ya Moshi mjini. Likikuishia njiani, brekidauni ilibebe au iyainue magurudumu ya mbele. Usiruhusu livutwe kwa kamba yakiwa chini, maana yameungana na mota.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina Leaf hapa Unguja, na inanitosha sana kwa sababu kisiwa chenyewe ni kifupi. Nasafiri kwenda Muscat kwa miezi miwili kumwuguza dada yangu. Niiache imechomekwa ili nirudi nikute imejaa? – *Msomaji, Mwanakwerekwe.*

JIBU: Waalaykum salaam, na Mungu amponye dada yako. Usiiache imechomekwa, na usiiache imejaa. Betri ya lithiamu iliyojaa pomoni kwenye joto huzeeka haraka kuliko ile iliyo nusu, kwa hiyo iache kati ya asilimia 40 na 60, chini ya kivuli. Betri kubwa haitapoteza chaji ya maana kwa muda huo. Itakayokuangusha ni betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida kama ya gari lolote, ambayo ndiyo inayoamsha kompyuta za gari. Ikiisha, Leaf haitawaka hata kama betri kubwa ina chaji tele, na Leaf za awali zinajulikana kwa kuimaliza zikiachwa zimechomekwa muda mrefu. Chomoa ncha yake hasi kabla ya kuondoka. Mwombe jirani aioshe gari kwa maji baridi, na chini pia, mara moja moja, kwa ajili ya chumvi ya bahari, naye ahakikishe kwamba kifuniko cha tundu la kuchajia kimefungwa.