"A myriad of" ni kosa? Hapana, ila bosi naye hajakosea sana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika ripoti ya mradi kwa Kiingereza, sehemu moja nikaweka "farmers face a myriad of problems", bosi akakata "a" na "of" kwa kalamu nyekundu akasema hapo ni sawa na kuandika "a many of". Mimi ndo nilivyolijua tangu sekondari. Nani yuko sahihi? Na kwa Kiswahili tunalitafsirije?

JIBU: Marahaba. Sentensi zote mbili ziko sahihi, "myriad problems" na "a myriad of problems", bosi amekosea pale tu aliposema umekosea.

Hilo neno asili yake ni Kigiriki na mwanzoni lilikuwa namba kabisa, elfu kumi. Sisi tuna elfu halafu tunaruka mpaka laki, wenzetu hapo katikati walikuwa na jina lake, na ndo lilikuwa jina la namba kubwa kuliko zote walizokuwa nazo, ndo maana Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, alipotaka kuhesabu chembe za mchanga za kujaza ulimwengu mzima ikabidi aanze na elfu kumi mara elfu kumi, yaani milioni mia. Kama unasoma Biblia umeshakutana nalo bila kujua, Ufunuo 5:11 pale malaika wanapohesabiwa "elfu kumi mara elfu kumi", kwenye Kigiriki ni neno hilohilo. Siku hizi lakini ukimwambia mtu myriad hafikirii elfu kumi, anafikiria vitu vingi visivyo na idadi, na mara nyingi vya aina tofautitofauti.

Sasa kwa sababu lilianza kama namba, lilivyoingia kwenye Kiingereza karne ya 16 liliingia kama nomino. Matumizi yake kama kivumishi yalikuja baadaye, karibu miaka mia mbili hivi. Kwa hiyo hiyo "a myriad of" inayokatwa na wahariri ndo kongwe!

Ukitaka ikukae kichwani angalia Kiswahili chetu. Tunasema "matatizo lukuki", lukuki inakaa na nomino moja kwa moja, huwezi kusema "lukuki ya matatizo" watu wakakuelewa. Halafu tunasema "maelfu ya matatizo", "rundo la matatizo", hapo lazima kiunganishi. Myriad inakaa pande zote mbili, countless (isiyohesabika) ni upande wa lukuki tu, ndo maana "a countless of" haipo kabisa. Kosa la kweli ninalokutana nalo kila nikihariri ni la katikati, mtu anaandika "they face myriad of problems", kaacha "a" kaweka "of". Chagua moja, ama vyote viwili ama hakuna. Na kitenzi kinafuata yale matatizo, "a myriad of problems are", sio "is". Kutamka ni MI-ri-ad, sio mairiadi.

Kutafsiri inategemea unaandikia nani. Gazetini "lukuki" inatosha sana, kwenye barua rasmi "mengi yasiyo na idadi", ukiwa unapiga stori ni "kibao" au "kedekede", ila usiweke "elfu kumi" labda uwe unatafsiri maandishi ya kale kama hayo ya Ufunuo.

Kuhusu ripoti, acha ya bosi ipite, ni fupi na haina ubaya. Akikubishia mfungulie kamusi ya Merriam-Webster, wameweka maelezo hapohapo chini ya neno kwamba nomino ndo ilitangulia. Ila kusema ukweli ingekuwa mezani kwangu ningelikata neno lenyewe lote, maana mfadhili akisoma matatizo lukuki hajui umeongelea mbegu, mbolea, barabara au bei ya dalali, andika hayo matatu manne uliyoyaona shambani kwa majina yake.