Kocha, huyu mtoto atarefuka? Ninachowajibu wanaoanza tenisi

Wadogo zangu mnaoanza tenisi, na nyinyi wazazi mnaowaleta, karibuni. Kila kundi jipya linapoingia, swali la kwanza ninaloulizwa ni hilo la kimo. Nimefundisha mchezo huu kwa miaka kumi na tisa, na kabla ya hapo nilikuwa muokota mipira wa wanachama wa klabu. Swali hilo niliwahi kulijibu vibaya. Kulikuwa na mvulana wa miaka 13, miguu myepesi, jicho kali, lakini mdogo wa umbo. Nilimwambia baba yake amtafutie mchezo mwingine. Hawakurudi tena. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na tangu hapo kila anayeanza kwangu namsimulia habari za Diego Schwartzman wa Argentina.

Schwartzman alizaliwa Buenos Aires tarehe 16 Agosti 1992, wazazi wakampa jina la Diego kwa mapenzi yao kwa Maradona. Akiwa na miaka 13, umri ule ule wa yule mvulana wangu, daktari alimwambia kwamba hatapita mita 1.70. Amesimulia mwenyewe jinsi habari hiyo ilivyomvunja moyo, na jinsi wazazi wake walivyomwambia kwamba kimo kisimwamulie ndoto zake. Daktari alisema kweli, hakupita hapo. Na mwezi Oktoba 2020 akawa mchezaji wa nane kwa ubora duniani.

Sasa msinielewe vibaya. Kimo kina uzito mkubwa katika tenisi na sitaki kuwadanganya. Katikati ya uwanja neti ina urefu wa sentimita 91, na kisanduku ambacho mpira wa kuanzisha lazima udondokee kina urefu wa mita 6.40 tu kutoka kwenye neti. Mrefu anapiga mpira akiwa juu, kisanduku chote kinamwonekea wazi, anaweza kuushindilia chini kwa nguvu. Mfupi lazima auzungushe, aupandishe kidogo juu ya neti ndipo ushuke, kwa hiyo unafika taratibu zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Schwartzman tangu mwanzo hadi mwisho. Sevisi yake, yaani pigo la kuanzisha, haikuwa ya kutisha, na wapinzani walimvunja mara nyingi, yaani walishinda gemu alizoanzisha yeye.

Lakini fikirini hivi. Gemu moja unaanzisha wewe, inayofuata anaanzisha mwenzako. Nusu ya muda wako uwanjani unapokea. Na mtoto anayeanza akija mazoezini anachukua kikapu cha mipira na kupiga sevisi mpaka bega limuume, kwa kuwa ndiyo pigo linaloonekana kwenye televisheni. Kupokea hakuna anayekuomba umfundishe. Schwartzman aliifanya nusu hiyo kuwa kazi yake, akawa mmoja wa wapokeaji bora wa kizazi chake.

Tafuteni video zake, msiangalie mpira, angalieni miguu. Sekunde mpinzani anapogusa mpira, yeye tayari ameruka kidogo na kutua kwenye vidole, magoti yamekunjwa. Hajaamua bado aende kulia au kushoto, mwili ndio uko tayari kuamuliwa. Kisha angalieni jinsi raketi inavyorudi nyuma kidogo tu. Mpira unaokuja kwa kasi una nguvu zake zenyewe, huna haja ya kuuongezea, ugeuze tu njia. Na la tatu, ambalo kwa mtu mfupi ndilo kubwa kuliko yote, anaukuta mpira ukiwa bado unapanda. Ukiungoja ufike kileleni utakuwa juu ya bega lako, na hapo huna pigo. Bekihendi yake ya mikono miwili, pigo la upande wa pili wa mwili, aliipiga akiwa ameruka, miguu yote hewani, ili autangulie mpira. Hilo la mwisho msiliige mwaka wa kwanza. Kundi langu la jioni wameshanichoka kwa kulirudia.

Mechi ninayoipenda kuwaonyesha ni ya Paris, mashindano ya Roland Garros ya mwaka 2018, raundi ya nne. Upande wa pili alikuwa Kevin Anderson wa Afrika Kusini, mita 2.03, aliyekuwa amefika fainali ya US Open mwaka uliotangulia. Tofauti yao ilikuwa sentimita 33. Seti mbili za kwanza Anderson alichukua 6-1, 6-2. Ungekuwa pale ungesema twende nyumbani. Schwartzman hakubadilisha lolote la ajabu. Aliendelea kurudisha mipira, ndani sana, karibu na miguu ya yule jitu, amlazimishe kuinama na kupiga pigo moja zaidi. Udongo mwekundu nao ulimsaidia, kwani unapunguza kasi ya mpira. Kidogo kidogo sevisi ya Anderson ikaanza kurudi, na mtu aliyezoea pointi za bure akalazimika kuzifanyia kazi. Zilizobaki ziliisha 7-5, 7-6, 6-2, zote za Schwartzman. Kwenye robo fainali akamnyang'anya Rafael Nadal seti ya kwanza, kisha mvua ikasimamisha mchezo, na siku ya pili Nadal akamaliza kazi.

Kuhusu Nadal kuna jambo lingine. Walikutana mara tisa na Schwartzman akapoteza zote tisa. Mara ya kumi, Roma, Septemba 2020, akashinda 6-2, 7-5. Ni kweli Nadal alikuwa amerudi kutoka mapumziko marefu ya wakati wa korona, na ni kweli pia kwamba wiki chache baadaye huko Paris alimfunga tena kwenye nusu fainali. Ili afike nusu fainali hiyo Schwartzman alipambana na Dominic Thiem, bingwa mpya wa US Open, kwa saa tano na dakika nane. Nawaambia haya kwa sababu wengi wenu mtafungwa na mtu mmoja mara tatu mtakuja kwangu mkitaka kubadilisha raketi.

Nizungumze na wazazi sasa, maana hapa ndipo watoto wengi wanapopotelea. Familia ya Schwartzman ilikuwa na biashara ya nguo na mapambo, ikaanguka katika msukosuko wa uchumi wa Argentina. Pesa za safari hazikuwepo. Mama yake alikuwa akiuza bangili za mpira kwenye mashindano, na Diego pamoja na watoto wenzake wakimsaidia kuuza kati ya mechi na mechi. Walilala hoteli za bei ya chini kabisa, wakati mwingine mama na mwana kitanda kimoja.

Na hata alipoingia tenisi ya kulipwa mwaka 2010, milango haikufunguka. Alipitia mashindano ya ngazi za chini, yale ambayo zawadi haitoshi nauli, halafu Challenger, ngazi iliyo chini ya mashindano makubwa ya ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume. Mwaka 2014 alitwaa fainali za Challenger mjini São Paulo. Taji lake la kwanza la ATP lilikuja Istanbul mwaka 2016. Hesabuni wenyewe, miaka sita. Baadaye yakafuata mengine matatu, Rio de Janeiro, Los Cabos, na mwaka 2021 la nyumbani Buenos Aires.

Kwa hiyo mzazi, nunua daftari leo. Andika nyuzi za raketi, viatu (uwanja wa saruji unakula viatu haraka kuliko unavyodhani), nauli, ada za mashindano, chakula cha njiani. Mwisho wa miezi mitatu tukae pamoja tuliangalie. Nimeona familia zikiuza kiwanja mwaka wa kwanza kwa sababu mtoto alishinda kombe moja la vijana, na mwaka wa tatu hakuna hata nauli ya kwenda mazoezini. Bora mashindano manne kwa mwaka yaliyolipiwa bila deni kuliko kumi na mawili ya kukopa.

Schwartzman alistaafu Februari 2025, uwanjani Buenos Aires, akiwa na miaka 32. Alishinda mechi ya kwanza dhidi ya Nicolás Jarry wa Chile, mtu wa karibu mita mbili, kisha akafungwa na Pedro Martínez mbele ya watu wa mji wake.

Yule mvulana wangu sasa ni mtu mzima. Kama kuna anayemfahamu, amwambie kocha anamwomba radhi.

Nyinyi tukutane Jumamosi saa moja asubuhi, jua halijawa kali. Njooni na maji na kofia. Vikapu vya mipira vitakuwa upande wangu, na kwa nusu saa ya kwanza mimi ndiye nitakayeanzisha.