Wapya wa kitaluni, yuka haifi kwa kiu

Kila msimu ni yale yale: vijana wapya, pingili mbichi (vipande vya shina vya kupandia), keni ya maji mkononi. Haya, sikilizeni tena habari za yuka, mmea wa mapambo wenye majani kama panga.

1. Jueni mnachouza. Ya shina nene na ncha laini ni Yucca gigantea, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. Ardhini inapita mita 8, msimpandie mteja chini ya paa. Yuka nyingine, Yucca aloifolia, ina ncha za majani kama sindano ya gunia. Ikae mbali na njia ya watoto. Na mwache kuiita mkonge! Mkonge ukichanua ndiyo kwaheri, yuka inachanua na kuendelea.

2. Pingili. Hapa tukiri dhambi, maana hakuna kitalu kisichowahi kuozesha. Shina linakatwa vipande vya sentimita 30 hadi 60, jioni ile ile vimo kwenye viriba, samadi tele, maji asubuhi na jioni. Baada ya wiki chache vinachipua, watu wanashangilia, bei inapangwa. Kumbe chipukizi linakula akiba ya shina tu, chini hamna mzizi hata mmoja. Bonyeza karibu na udongo: panabonyea kama ndizi iliyolala, gome linabanduka, maji ya kahawia yananuka. Donda bichi la mkato limelazwa kwenye tope, ukungu umeingia. Majani yakigeuka manjano mtu anafanya nini? Anaongeza maji!

Donda likauke kivulini siku 5 hadi 7, liwe gumu. Mchanga wa mto sehemu 2, udongo sehemu 1, samadi hapana. Kina sentimita 10. Mwagilia mara moja, kisha usirudie mpaka uchomeke kidole na kitoke kikavu.

3. Tieni chaki upande wa juu kabla ya kukata. Pingili iliyopinduliwa haishiki.

4. Mteja atauliza kama mzizi unaliwa. Hapana. "Yuca" ya c moja ni muhogo. Hii ya c mbili ina saponini, kemikali inayotoa povu; mizizi ya baadhi ya aina wenyeji wa Amerika Kaskazini waliifanya sabuni. Kinacholiwa ni maua ya gigantea: El Salvador huyaita izote, ndilo ua la taifa, na huyapika na mayai. Akitaka mbegu, mwelezeni kwamba nondo wanaochavusha yuka wako kwao Amerika, huku tunategemea pingili na machipukizi.

Na ile keni, irudisheni stoo.