Podikasti za uwindaji: kabla ya bunduki, uliza ardhi ni ya nani

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama podikasti za Wamarekani kuhusu safari za kuwinda porini zina faida yoyote kwa Mtanzania, na kama ni kweli wanavyosema kwamba mwindaji ndiye anayelinda pori. Nitajibu kwa urefu, maana nimefanya kazi ya kufuata nyayo kwenye kambi za uwindaji wa kitalii kule kusini, kwenye miombo ya Selous, na vipindi hivyo navisikiliza karibu kila jioni.

Faida ipo, tena kubwa, ila wengi wanaitafuta pasipo pake. Wanasikiliza kisa cha risasi: mnyama alikuwa umbali gani, upepo ulivuma wapi, pembe zilikuwa na urefu gani. Mimi nasubiri wafike kwenye ardhi. Kwenye The MeatEater Podcast ya Steven Rinella, mwindaji na mwandishi wa Marekani, iliyoanza 2015, watu wanakaa mezani kwa saa mbili hivi. Wanaanza na nyama, wanapita kwenye historia, na mara wako kwenye mswada uliopelekwa bungeni wiki ile. Randy Newberg wa Hunt Talk Radio ni mhasibu kwa taaluma, na unamsikia kabisa: anakuchambulia leseni, kodi na mipaka ya mashamba mpaka uone fedha inatoka wapi na inaishia wapi. Hal Herring, anayeendesha podikasti ya chama cha wawindaji na wavuvi kiitwacho Backcountry Hunters & Anglers, ndiye ninayempenda zaidi. Huyu anauliza swali kisha ananyamaza, anamwacha mtu aseme.

Sasa hilo dai lao kwamba mwindaji analipia uhifadhi. Kwao lina msingi. Mwaka 1937 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kwa majina ya waasisi wake, Pittman na Robertson. Kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na asilimia 10 kwenye bastola, inakwenda kwenye idara za wanyamapori za majimbo badala ya kupotelea kwenye mfuko mkuu wa serikali. Juu yake kuna ada za leseni. Kodi hiyo inamgusa pia mtu anayenunua bastola na hajawahi kukanyaga pori, jambo ambalo wasemaji wengine wanalipita haraka. Lakini mfumo wenyewe upo, na umefanya kazi kwa miongo mingi.

Kilicho kikubwa zaidi ya kodi ni ardhi. Serikali kuu ya Marekani inashikilia takriban ekari milioni 640, karibu mara tatu ya Tanzania nzima. Sehemu kubwa iko majimbo ya magharibi, na eneo kubwa sana la ardhi hiyo liko wazi kwa raia wa kawaida. Dereva wa lori asiye na shamba anaweza kukata leseni, akabeba begi lake mgongoni, akaingia milimani kutafuta elki, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi. Hana haja ya kuomba ruhusa ya tajiri yeyote. Ndiyo maana akisikia ardhi hiyo inauzwa, anapiga simu. Mwanzoni mwa 2017 mbunge Jason Chaffetz wa Utah alipeleka mswada wa kuuza takriban ekari milioni 3.3. Wawindaji walikuja juu, wengi wao wakiwa wa chama chake mwenyewe, na baada ya siku chache aliuondoa. Mwaka 2025 Seneta Mike Lee, naye wa Utah, alijaribu kuingiza uuzaji wa ardhi ya umma kwenye mswada mkubwa wa bajeti. Juni mwaka huohuo akarudi nyuma. Mara zote mbili podikasti hizi zilikuwa miongoni mwa sauti zilizowaamsha watu.

Nguvu ya yule mwindaji imetoka hapo. Bunduki anayo, lakini pia ana kura, na pori analihesabu kuwa mali yake.

Njoo kwetu sasa. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua. Sisi tuliufunga 1973, tukaufungua tena 1978. Mwindaji wa kitalii anatua kwa ndege ndogo, analipia kitalu (eneo la pori lililotengwa kwa uwindaji), siku na kila mnyama, halafu anaondoka. Mnyama ni mali ya serikali. Mwanakijiji anayepakana na kitalu ndiye anayeliwa mahindi na tembo, ndiye anayeumwa na mbung'o, naye hana leseni wala kura kwenye mgawo wa wanyama watakaopigwa. Kwa hiyo ukisikia mgeni wa podikasti aliyetoka kuwinda Afrika akisema fedha yake imeokoa pori, usimkatalie haraka na usimkubalie haraka. Jiulize kwanza fedha hiyo ilipita mikono ya nani, na kijijini kuna nani aliyeiona.

Upande wao nitautetea pale unapostahili, maana nimeuona. Kuna miombo ambako hakuna mtalii wa kupiga picha atakayekwenda. Hakuna simba wa kando ya barabara, nyasi zinafika kichwani, joto na mbung'o havipumziki. Kampuni ya uwindaji inafungua barabara, inaweka kambi, gari linazunguka kuanzia Julai nyasi zinapochomwa. Jangili akisikia mlio wa gari anajua pana watu. Kitalu kikikaa bila mtu, nyaya za mitego unaziokota kama kuni.

Lakini kampuni kuwepo peke yake hakutoshi. Sensa ya 1976 ilikadiria tembo zaidi ya laki moja katika mfumo wa Selous. Ya 2013 ilikuta kama elfu 13 tu. Uwindaji wa kitalii ulikuwa ukiendelea karibu kipindi hicho chote. Mwaka 2014 Marekani ikasimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka kwetu, na 2019 sehemu kubwa ya pori ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako hakuna kuwinda. Hizo ni takwimu ambazo mtu anayezungumzia uhifadhi wa Afrika kwenye kipaza sauti anapaswa kuzibeba mezani, na wengi hawazibebi.

Msimu mmoja alikuja mgeni na kinasa sauti. Mchana tulifuata nyati dume. Mzee wetu ndiye aliyetangulia, akipima upepo kwa kimfuko chake cha majivu, akigusa kinyesi kujua wametangulia kwa muda gani. Palipokuwa na mwamba mtupu ambako sisi wengine hatukuona alama yoyote, yeye aliona jani lililogeuzwa. Jioni motoni mgeni alirekodi kwa muda mrefu: alimhoji mwindaji bingwa anayeongoza wageni, akamhoji mgeni mwenzake, wakazungumzia uhifadhi mpaka moto ukalala. Mzee alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Anajua mto ulihama lini, kijiji kipi kilihamishwa na nani, twiga waliacha kupita wapi. Hakuulizwa. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu kipindi kile kilisikilizwa na watu wanaoamini wamelisikia pori lenyewe likizungumza.

Kwenye karatasi tuna njia ya kumweka mwanakijiji mezani. Sera ya Wanyamapori ya 1998 na kanuni za 2002 zilileta Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, zile tunazoziita WMA kwa kifupi cha Kiingereza. Vijiji vinatenga sehemu ya ardhi yao, vinaunda jumuiya, vinapewa haki ya kutumia wanyama na kuingia mkataba na mwekezaji. MBOMIPA ya Idodi na Pawaga, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ni mfano unaofahamika. Mahali wazo hili limeshika, unaona askari wa kijiji anayelilinda pori kwa sababu ni la babu yake na la mtoto wake. Mahali halikushika, nimeshuhudia mwekezaji akiondoka na askari wa kijiji wakikaa miezi bila posho, huku wakiendelea kuingia doria na viatu vilivyotoboka. Hao ndio wahifadhi. Ningetoa chochote nisikie saa mbili za mazungumzo yao.

Mfano unaonipa moyo zaidi hauna hata mwindaji mgeni ndani yake. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, ni wawindaji wa upinde na mshale. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao kama jumuiya, na baadaye wakaingia mradi wa kaboni unaowalipa kwa kuulinda msitu usifyekwe. Wenye ardhi hiyo ni wawindaji, na silaha iliyowasaidia kulinda pori ilikuwa karatasi yenye mipaka. Akina Newberg wangeielewa mara moja, maana ndiyo hoja yao ileile.

Kwa hiyo sikiliza, mkuu. Anza na Herring ukitaka utulivu, anza na Newberg ukitaka hesabu. Vipindi vya sifa za bunduki na darubini viruke, havitakuongezea kitu. Wakitaja nchi yoyote ya Afrika, andika pembeni ni nani aliyepewa kipaza sauti, na kama kuna mwenyeji yeyote aliyesema zaidi ya kutafsiriwa.

Na hapa nina ombi kwa wote wanaosoma uzi huu. Simu inayorekodi vizuri karibu kila mtu anayo. Walio Songea, Tunduru, Liwale au Iringa, wafuata nyayo wastaafu mnao mitaani kwenu, na askari wa vijiji pia. Msiwaulize kuhusu simba aliyewakimbiza. Waulizeni mpaka wa kijiji ulipita wapi walipokuwa vijana, nani aliusogeza, ushoroba wa tembo umezibwa na shamba la nani, mkataba wa mwekezaji waliusomewa kwa lugha gani. Nimeanza na yule mzee wa majivu. Sauti ina upepo mwingi, lakini maneno yanasikika, na nitaiweka hapa akishaisikiliza na kuniruhusu.