Indiketa ya bajaji si ahadi

Ukitaka kuifundisha kompyuta kuisoma barabara ya Dodoma, usianze na programu. Simama kwanza njia panda na daftari, uhesabu.

Mimi niliruka hatua hiyo. Nilichukua modeli, yaani programu inayojifunza kutambua vitu kwenye picha, iliyofunzwa kwa KITTI, mkusanyo wa picha za barabarani kutoka Karlsruhe, Ujerumani, nikaipa video niliyopiga karibu na soko la Majengo. Kwenye orodha ya KITTI tramu imo, bajaji haimo. Tena kule wanaendesha upande wa kulia. Modeli ikaziita bajaji magari madogo, bila shaka hata kidogo. Kukosea ningevumilia. Kilichoniogopesha ni ule uhakika wake.

Nikarudi kwenye kanuni ya Bayes, njia ya kupima upya uhakika wako kila unapopata dalili, iliyochapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya Bayes mwenyewe kufariki. Tuseme bajaji 100 zinakaribia kona (namba ni za mfano, zako utazihesabu hapo ulipo). Zinazokata kushoto ni 20, na 12 kati ya hizo zimewasha indiketa. Zinazonyoosha ni 80, na 16 kati yake nazo zinawakawaka: dereva anashusha abiria, au amesahau kuzima. Ukiona indiketa, basi, unatazama bajaji 28, na zinazokata kweli ni 12 tu. Asilimia 43! Mama aliyebeba mtoto akiiamini taa ile na kuvuka, yuko hatarini.

Nikaongeza dalili ya pili, kupungua kwa mwendo, nikazidisha uwezekano wa moja kwa uwezekano wa nyingine kana kwamba dalili hizo hazijuani. Nilikosea tena. Anayeshusha abiria huwasha taa na kupunguza mwendo kwa sababu ileile moja, kwa hiyo nilikuwa nahesabu ushahidi mmoja mara mbili. Kilichonisaidia ni mkono wa abiria. Noti ikinyooshwa juu ya bega la dereva, bajaji hiyo karibu kila mara inasimama pembeni. Kwenye picha ni vidoti vichache, lakini vina uzito kuliko taa.

Usiilazimishe modeli ichague jibu moja mapema. Beba majibu yote (inakata, inanyoosha, inasimama), kila moja na uwezekano wake, hadi picha inayofuata. Bajaji ikimezwa na vumbi nyuma ya lori, usiifute. Kichujio cha Kalman, hesabu ya mwaka 1960 ya kufuatilia kitu kinachosogea, kitaendelea kukadiria ilipo, na duara la makadirio litapanuka kila picha inavyopita, mpaka bajaji itokeze upande wa pili.